Mwongozo Kamili: Namna Kijiji Kilicho Kando ya Barabara Kuu Kinavyoweza Kupunguza Ajali

Katika vijiji vinavyopitiwa na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na katika vile vilivyo kwenye njia ya Usagara, Kigongo, Busisi na Sengerema, mambo huenda kwa mpangilio uleule. Mtoto anagongwa, vijana wanapanga mawe barabarani, polisi wanafika, kiongozi anaahidi matuta, barua inaandikwa, kisha kimya. Mwaka unaofuata inaandikwa barua nyingine yenye maneno yaleyale.

Barua hizo hukwama kwa sababu inayoweza kurekebishwa. Zinasema "tunaomba matuta" bila kueleza ni mahali gani hasa, magari yanapita kwa mwendo gani, wanaoumia ni akina nani na wanaumia saa ngapi. Mhandisi wa mkoa ana mamia ya kilomita za kuhudumia na fedha zisizotosha, na kati ya barua ishirini zinazolalamika kwa sauti moja hana namna ya kujua ipi ianze. Kijiji kinacholeta vipimo kinamrahisishia uamuzi, na mara nyingi kinagundua njiani kwamba nusu ya hatari kingeweza kuiondoa chenyewe.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Futi ya mita 50, au kamba ya katani iliyopimwa na kufungwa fundo kila baada ya mita 10.
- Simu mbili zenye saa ya kupimia sekunde na kamera.
- Daftari gumu la mistari, lenye kurasa zisizochanika kirahisi, na kalamu za rangi mbili.
- Vigingi vya mbao, chokaa kidogo, na nyundo.
- Vizibao vya kuakisi mwanga kwa kila anayesogea karibu na lami. Vizibao vya bodaboda vinafaa.
- Tochi moja yenye mwanga mkali kwa kazi ya usiku.
- Karatasi kubwa ya kuchorea ramani ya kijiji.
- Watu sita hadi wanane wenye subira. Wawepo mwanamke anayefanya biashara kando ya barabara, dereva wa bodaboda, mwalimu, na mfugaji mmoja, kwa kuwa kila mmoja wao anaiona barabara hiyohiyo kwa jicho tofauti.

Fedha zinazohitajika katika hatua za mwanzo ni kidogo. Kinachohitajika zaidi ni siku kadhaa za kazi isiyo na posho, jambo ambalo ni vizuri likasemwa wazi mapema ili wanaotegemea posho wajiondoe wenyewe.

## Hatua ya 1: Jueni barabara ni ya nani, na mjulisheni mwenyewe

Barabara kuu na barabara za mkoa zinasimamiwa na TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania). Barabara za wilaya na za vijijini zinasimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Barua iliyopelekwa kwa taasisi isiyohusika huweza kuzunguka miezi bila kumfikia mtu mwenye uwezo wa kuifanyia kazi, kwa hiyo thibitisheni jambo hili kwa mtendaji wa kata kabla ya lingine lolote. Katika njia panda, barabara kuu inaweza kuwa ya TANROADS na ile inayoingia mwaloni, yaani ufukweni wanaposhusha samaki, ikawa ya TARURA. Hapo zitahitajika barua mbili.

Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na ya mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kila mtakachotaka kukifanya ndani ya eneo hilo, hata kung'oa kisiki, kinahitaji idhini.

Mtendaji wa kijiji aandike barua fupi kwa meneja wa TANROADS wa mkoa na kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, akieleza kwamba wanakijiji watahesabu magari na kupima mwendo kwa siku fulani. Polisi wakiwa na taarifa, watu wenye saa na madaftari kando ya barabara hawatatiliwa shaka.

Tahadhari: Msichimbe lami, msiweke magogo, wala msijenge tuta la udongo usiku. Kufanya hivyo ni kosa la jinai, na mtu wa kwanza kuuawa na tuta lisilo na alama huwa ni mwenye pikipiki, ambaye kwa kawaida ni kijana wa kijiji hichohicho.

Mmefanikiwa mkiwa na nakala za barua zilizogongwa mhuri wa kupokelewa.

## Hatua ya 2: Fungueni daftari la ajali

Kumbukumbu za polisi peke yake hazitoshi, kwa kuwa ajali nyingi ndogo haziripotiwi kabisa. Mwenye baiskeli aliyesukumwa mtaroni hujiokota akaenda zake. Nendeni zahanati, kwa mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, kwa mama lishe, na kwa wazee wa kitongoji, mkirudi nyuma miaka mitatu kadiri watu wanavyokumbuka.

Kwa kila tukio andikeni mahali, mwezi, siku ya wiki, saa, hali ya hewa, gari lilikuwa linaelekea wapi, na aliyeumia alikuwa anafanya nini: anavuka, anatembea kando, anapanda gari, anaswaga ng'ombe, au anaendesha. Msiandike majina. Daftari hili litasomwa na watu wengi, na familia zilizofiwa zina haki ya kuachwa na heshima yao.

Andikeni pia matukio ya kunusurika, kwa sababu mahali ambapo watu wananusurika kila wiki ndipo mtu atakapokufa baadaye.

Kisha wekeni kila tukio kwenye ramani kwa nukta: nyekundu kwa kifo au jeraha kubwa, ya buluu kwa mengine. Tumieni alama zisizohama, kama nguzo ya kilomita, kalvati, mti mkubwa, au lango la shule.

Mmefanikiwa nukta zikianza kukusanyika. Katika vijiji vingi sehemu ya hatari huwa ni mita 200 au 300 tu, wakati barua za zamani zililalamikia kilomita tatu nzima. Mhandisi anaweza kuitibu sehemu ya mita 300 ndani ya bajeti ya matengenezo. Kilomita tatu ni mradi.

## Hatua ya 3: Pimeni mwendo wa magari

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo isomwe polepole.

Chagueni kipande kilichonyooka ndani ya sehemu ya hatari. Pimeni mita 100 kamili kando ya lami, na mpigilie kigingi kila mwisho. Msitumie umbali mfupi zaidi. Katika mita 30, gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linapita kwa sekunde moja na sehemu kidogo, na kuchelewa kwa kidole kubonyeza saa kunatosha kuharibu kipimo chote.

Mtu wa kwanza asimame kwenye kigingi cha kwanza akiwa na kitambaa cheupe, mtu wa pili kwenye kigingi cha pili akiwa na saa. Magurudumu ya mbele yanapofika kwenye kigingi cha kwanza, kitambaa kinashushwa na saa inaanza. Yanapofika kwenye kigingi cha pili, saa inasimama. Mtu wa tatu anaandika sekunde na aina ya gari: basi, lori, gari dogo, noa, pikipiki.

Sekunde zinageuzwa kuwa mwendo kwa hesabu rahisi: gawanya mita 100 kwa sekunde, kisha zidisha kwa 3.6. Kwa haraka, kumbukeni hivi:

- Sekunde 7.2 ni kilomita 50 kwa saa.
- Sekunde 6.0 ni kilomita 60.
- Sekunde 4.5 ni kilomita 80.
- Sekunde 3.6 ni kilomita 100.
- Sekunde 3.0 ni kilomita 120.

Jificheni kiasi. Simameni umbali wa mita kadhaa kutoka kwenye lami, nyuma ya mti au ukuta, na anayeshika kitambaa asiinue mkono kama anayesimamisha basi. Madereva wakidhani ni tochi ya polisi ya kupimia mwendo watawashiana taa, na ndani ya dakika kumi kila gari litapita kwa adabu isiyokuwepo jana.

Pimeni magari 100 yanayopita kwa uhuru. Gari linalofuata lingine kwa karibu lisihesabiwe, kwa kuwa mwendo wake umeamuliwa na la mbele.

Baadaye pangeni vipimo vyote kuanzia mwendo mdogo hadi mkubwa, mtazame gari la 85. Mwendo wake ndio wahandisi wanaoutazama zaidi kuliko wastani, kwa sababu unaonyesha barabara yenyewe inawashawishi madereva walio wengi kwenda kasi kiasi gani. Kwa sheria ya Tanzania kikomo ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na mabasi na malori makubwa hayaruhusiwi kuzidi 80 popote. Mkikuta gari la 85 linapita kijijini kwa 88, mna hoja ambayo hakuna atakayeibishia.

### Siku za kupimia

Kipimo cha siku moja kinadanganya. Kwenye ufuko wa ziwa, wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwenye usiku wa giza na hupumzika mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo magari na pikipiki zinazokimbilia mwaloni alfajiri huongezeka na kupungua kwa kufuata mwezi. Pimeni asubuhi moja ya giza la mwezi, siku moja ya gulio au mnada, na siku moja ya kawaida. Ikiwezekana ongezeni jioni moja, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili usiku.

Vijiji vya upande wa Kigongo na Busisi vina jambo la ziada. Zamani magari yalifika kwa makundi, kila kivuko cha ziwani kiliposhusha, na watu walizoea kuvuka barabara katika nafasi iliyobaki. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, magari yanapita mfululizo mchana na usiku. Mazoea ya zamani hayafai tena, na takwimu zilizokusanywa kabla ya daraja zisitumike katika barua mpya.

Mmefanikiwa mkiwa na karatasi tatu za vipimo, kila moja ikiwa na tarehe, saa, upande wa magari, na magari yasiyopungua 100.

## Hatua ya 4: Pimeni anayevuka anaona umbali gani

Mwendo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kama mtu anayevuka na dereva wanaonana mapema vya kutosha.

Lami yenye upana wa mita 7 humchukua mzee au mtoto mdogo takriban sekunde 7. Ongezeni sekunde 3 za kuamua na za tahadhari, zinakuwa 10. Katika sekunde hizo gari la kilomita 50 kwa saa linakuwa limesafiri karibu mita 140, la kilomita 80 mita 220, na la kilomita 100 mita 280.

Simameni mahali watu wanapovuka kwa kweli, ambapo mara nyingi si pale palipochorwa mistari. Mmoja atembee kando ya barabara hadi mtakapoacha kumwona, kisha pimeni umbali huo. Rudieni mkiwa mmechuchumaa, kwa sababu macho ya mtoto wa darasa la kwanza yako chini na majani yanayomfika mtu mzima kiunoni kwake ni ukuta. Fanyeni hivyo kwa pande zote mbili.

Pigeni picha kila kinachoziba: nyasi, kibanda, lori lililoegeshwa, rundo la mkaa, kona, kilele cha mwinuko.

Tazameni pia jua. Kuanzia Mwanza barabara ya Musoma inaelekea zaidi mashariki, kwa hiyo anayetoka mjini asubuhi na anayerudi jioni wote hupigwa na jua usoni, na hizo ndizo saa ambazo wanafunzi wako barabarani. Nukta za ajali zikilingana na saa hizo, liandikeni.

### Matembezi ya usiku

Rudini saa mbili usiku mkiwa mmevaa vizibao. Mulikeni kila kibao cha barabarani kwa tochi kutoka mita 50. Kibao kizima kinarudisha mwanga mkali. Kilichochoka kinaonekana kama bati la kawaida, na kwa dereva hakipo. Hesabuni baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe inayopita bila kiakisi mwanga hata kimoja. Hesabu hiyo huwashtua watu kwenye mkutano wa kijiji kuliko hotuba yoyote.

Mmefanikiwa mkiweza kusema, kwa kila mahali pa kuvukia: "Magari yanakuja kwa kilomita kadhaa kwa saa, mtu anahitaji kuona mita kadhaa, anaona mita kadhaa."

## Hatua ya 5: Tenganisheni mnayoyaweza na ya kuomba

Itisheni mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, na ajenda hii iingizwe mapema ili isisukumwe kwenye mengineyo wakati watu wameshaanza kuondoka. Bandikeni ramani ukutani na someni vipimo kabla ya kuruhusu mapendekezo. Mkianza na mapendekezo mtamaliza saa mbili mkibishana kuhusu matuta.

### Yaliyo mikononi mwa kijiji

Fyekeni. Kwa idhini ya TANROADS, nyasi na vichaka vilivyoziba macho viondolewe kwa umbali mliopima katika Hatua ya 4. Masika yakiisha vitarudi, kwa hiyo zamu zipangwe kwa mwaka mzima.

Hamisheni biashara. Meza za samaki na mboga zilizo ukingoni mwa lami huvuta wateja wasimame na magari yao barabarani. Zikisogezwa mita 15 nyuma, zikielekea eneo la kuegesha, mauzo hayapungui sana, ila wenye meza hawataamini hadi wote wahame kwa siku moja. Mmoja akibaki, wengine watarudi. Na mita 15 bado ziko ndani ya hifadhi, kwa hiyo hata hapo ni kwa idhini na kwa muda.

Sogezeni kijiwe cha bodaboda. Kisiwe kwenye kona ya njia panda, kwa sababu pikipiki kumi zilizopangwa pale zinaziba macho ya kila anayeingia barabara kuu.

Acheni kuanika mazao kwenye lami. Wakati wa mavuno, mpunga na udaga wa muhogo hutandazwa kwenye bega la barabara, na watembea kwa miguu na wenye baiskeli husukumwa kati ya magari. Hili ni gumu kulisema kwa mtu asiye na turubai, kwa hiyo kijiji kitenge uwanja wa kuanikia badala ya kutoza faini tu.

Pangeni mahali pa ng'ombe kuvukia. Pawe mahali pamoja tu au pawili, panapoonekana kwa mbali, mchungaji mmoja akitangulia na mwingine akifunga nyuma. Mifugo isivushwe baada ya jua kuzama.

Fundisheni upande wa kutembea. Mtembea kwa miguu akae kulia, akitazama magari yanayomjia. Mwenye baiskeli akae kushoto. Shule ndiyo mahali pa kuanzia.

Neno la pembeni kuhusu mabango ya "Mwendo kasi unaua": hayana madhara, na ni rahisi kupata mfadhili wa kuyalipia, lakini dereva anayepita mara ya mia halisomi tena. Fedha hizo zinunue viakisi mwanga vya baiskeli.

### Ya kuomba kwa mamlaka

Vibao vya kikomo cha mwendo. Kibao cha 50 kianze kabla ya nyumba ya kwanza, na cha kuondoa kikomo kiwe baada ya ya mwisho. Kijiji kikishakua, vibao hubaki vilipokuwa na nusu ya makazi inakuwa nje yake. Angalieni kama hilo limewapata.

Rasta. Hizi ni mistari myembamba iliyoinuliwa inayotikisa gari na kumwamsha dereva. Hazipunguzi mwendo kwa nguvu, na kelele zake huwasumbua walio jirani usiku kucha. Ziombwe mbali kidogo na nyumba, kabla ya mahali pa hatari.

Matuta. Tuta ndilo linalolazimisha dereva apunguze, na ndilo linaloua likikosewa. Tuta la mviringo lenye kimo cha sentimita 10 linahitaji urefu wa karibu mita 3.7 kwa kufuata mwelekeo wa gari, nalo linafaa kwa mwendo wa takriban kilomita 30 kwa saa. Lile jembamba lenye kimo hichohicho huvunja springi na kumrusha mwenye pikipiki. Liwe na rangi, liwe na kibao kabla yake, na likae mahali panapoonekana kwa mbali, kamwe lisiwe mara tu baada ya kona au mwinuko. Tuta moja peke yake humpunguza dereva kwa mita chache tu kisha akaongeza mafuta, kwa hiyo kwa sehemu ya mita 300 ombeni mfuatano.

Njia ya watembea kwa miguu. Kama nukta zenu nyingi ni za watu waliogongwa wakitembea kando, matuta hayatawasaidia sana. Hapo ombi kuu liwe njia iliyotenganishwa na lami kwa mtaro au nguzo, hata kama ni ya changarawe.

Vituo vya mabasi. Basi lisimame nje ya lami, na kituo kiwe mbele ya kivuko cha waenda kwa miguu, si kabla yake. Basi lililosimama kabla ya kivuko linamficha anayevuka, na gari linalolipita basi hilo linamwona mtu huyo akiwa tayari kwenye njia yake. Vituo viwili vinavyotazamana vipishanishwe ili abiria wavuke nyuma ya basi.

Kivuko chenye mistari. Msiombe mistari mitupu kwenye barabara ya mwendo wa 80. Humpa mtoto imani ambayo dereva hana habari nayo. Mistari ije pamoja na tuta au kitu kingine kinachoshusha mwendo.

## Hatua ya 6: Andikeni barua inayoweza kufanyiwa kazi

Kurasa mbili zinatosha, na viambatisho vibebe mengine. Iandikwe kwa meneja wa TANROADS wa mkoa kupitia kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi wa halmashauri, nakala zikienda kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, diwani na mbunge. Diwani aombwe alifikishe suala hili ngazi za juu hadi Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako vipaumbele vya barabara hujadiliwa.

Aya ya kwanza iwe na umbo hili:

"Katika kipande cha mita … kuanzia kalvati la … hadi lango la shule ya …, kati ya mwaka … na … kumetokea matukio …, ambapo … yalikuwa ya watu waliokuwa wakivuka. Kati ya magari 100 tuliyopima tarehe …, magari … yalizidi kilomita 50 kwa saa, na mwendo wa gari la 85 ulikuwa kilomita …. Mahali pa kuvukia panahitaji mwonekano wa mita …, lakini uliopo ni mita …."

Aya ya pili ieleze kijiji kimekwisha kufanya nini. Ofisi hutazama kwa jicho jingine watu waliofyeka na kuhamisha meza kabla ya kuomba. Aya ya tatu iorodheshe maombi kwa kufuata umuhimu, yasizidi matano, la kwanza likiwa lile ambalo mngelichagua kama mngepewa moja tu.

Ambatisheni ramani, karatasi za vipimo, picha zenye tarehe, na muhtasari wa mkutano mkuu wenye sahihi za waliohudhuria.

Angalieni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango yake hupikwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Mei kwa kawaida inaulizia fedha ambazo zimekwisha kupangwa. Lengeni Septemba au Oktoba.

Mmefanikiwa mkipata namba ya kumbukumbu ya barua. Bila namba hiyo, ufuatiliaji wote utakuwa wa kuanza upya kila mnapobisha hodi.

## Hatua ya 7: Fuatilieni, na muwepo siku ya mafundi

Baada ya wiki nne bila jibu, mjumbe mmoja aende ofisini akiwa na namba ya kumbukumbu na ombi moja dogo: mhandisi aje kutazama. Akija, mpelekeni saa za hatari zilezile mlizoandika, mkamwonyeshe mahali watu wanapovuka. Msimzungushe kijiji kizima na kumweleza habari za maji na zahanati.

Kazi ikianza, angalieni mambo matatu: vibao vya tahadhari vimesimikwa kabla ya tuta kumwagwa, tuta halijaziba njia ya maji ya mvua, na rangi imepakwa kabla ya mafundi kuondoka. Tuta jipya lisilo na rangi wala kibao likiachwa usiku mmoja, wekeni watu wenye vizibao na taa pande zote mbili, na mpigieni simu polisi kupitia 112.

## Hatua ya 8: Jiandaeni kwa ajali itakayotokea kabla ya hayo

Marekebisho huchukua miezi, na barabara haisubiri. Chagueni watu kumi wanaoishi karibu na lami, na mgawane kazi: wawili wa kutahadharisha magari mita 150 kila upande, mmoja wa kupiga simu (112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji), wengine wa kuhudumia majeruhi na kuzuia umati.

Majeruhi asivutwe wala kukunjwa ili aingie kwenye kiti cha pikipiki. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, asihamishwe hadi shingo na mgongo vishikiliwe sawasawa na watu kadhaa kwa pamoja. Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia.

Tahadhari kubwa: Lori la mafuta likipinduka, kila mtu aondoke, na mtu yeyote mwenye ndoo, sigara, au pikipiki inayowaka asikaribie. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililopinduka Morogoro lililipuka huku watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walikufa. Jambo hili lisemwe kwenye mkutano wa kijiji kwa maneno hayohayo, na sungusungu wapewe jukumu la kulisimamia.

## Hatua ya 9: Pimeni tena

Miezi mitatu baada ya kazi kukamilika, rudieni Hatua ya 3 kwenye vigingi vilevile, kwa siku za aina ileile na kwa hali ileile ya mwezi. Msiridhike na kauli kwamba "ajali zimepungua." Kwenye kipande kifupi ajali ni chache kwa mwaka, na zinaweza kupungua au kuongezeka kwa bahati tu. Mwendo hauna bahati ya namna hiyo, na mabadiliko madogo yake ni makubwa kwa matokeo: Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa takriban asilimia 4.

Gari la 85 likiwa limeshuka hadi 50 au karibu yake, kazi imeshika. Likiwa bado juu ya 65, tafuteni sababu kabla ya kulalamika: huenda matuta yako mbali mno, kibao kimeibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, au rangi imefutika. Angalieni pia kama magari yanachepuka kwenye bega la barabara ili kulikwepa tuta. Hilo hutokea sana, na humaanisha waendao kwa miguu wamepata hatari mpya. Dawa yake ni nguzo fupi mwishoni mwa tuta, nazo huombwa kwa barua ya ukurasa mmoja yenye picha, ikitaja namba ya kumbukumbu ileile.

Vipimo vipya vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji karibu na vya zamani, nakala ipelekwe kwa mhandisi, na daftari la ajali lihifadhiwe ofisini kwa mtendaji likiendelea kuandikwa kila mwezi na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kwenye muhtasari.